Milisiverti 20 zilitoka wapi?

Swali: Nasoma radiografia mwaka wa pili hapa Mwanza. Mwalimu ametufundisha kwamba mfanyakazi wa mionzi asizidi wastani wa milisiverti 20 za dozi ya mionzi kwa mwaka. Nilipouliza namba hiyo imetoka wapi, mwenzangu akadakia kwamba imetoka kwa wahanga wa Hiroshima, waliopimwa na Wamarekani miaka na miaka bila kutibiwa, na kwamba Wamarekani hao hao waliwadunga wagonjwa wao wenyewe plutoniamu kwa siri. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nitazitumiaje namba hizo kwa mgonjwa nikiwa na amani moyoni?

Jibu: Mdogo wangu, mwenzako hakukudanganya. Watu wa Hiroshima na Nagasaki walipimwa na taasisi ambayo sera yake ilikuwa kutotibu, na wagonjwa katika hospitali za Marekani walidungwa plutoniamu bila kuambiwa. Yote mawili yamo kwenye nyaraka za serikali ya Marekani yenyewe. Ila ameyafunga mambo tofauti kwenye furushi moja, na yakikaa humo hutaweza kujibu swali lako la pili, ambalo ndilo zito. Nimefanya kazi ya fizikia ya tiba sehemu kubwa ya maisha yangu, na swali hili naulizwa mara chache kuliko linavyostahili. Nivumilie basi, nitalijibu kwa kirefu.

Nianze na namba yenyewe. Milisiverti 20 ni pendekezo la Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, ICRP, la mwaka 1990: wastani wa 20 kwa mwaka ukihesabiwa kwa miaka mitano, na mwaka wowote mmoja usivuke 50. Kabla ya hapo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kikomo kilikuwa 50. Ukirudi nyuma hadi mwaka 1934, wataalamu waliruhusu kiasi ambacho kwa vipimo vya leo ni karibu milisiverti 2 kwa siku. Mfanyakazi wa enzi hiyo aliweza kumaliza mgao wako wa mwaka mzima ndani ya wiki mbili, na hakuna aliyeona ajabu. Kila mara kikomo kiliposhuka kulikuwa na utafiti mpya nyuma yake, na baada ya Vita Kuu ya Pili utafiti huo ulilipiwa zaidi na serikali. Serikali ndizo zilizokuwa na mabomu, vinu, maelfu ya wafanyakazi viwandani na askari viwanja vya majaribio, na zilihitaji kujua mwili wa binadamu unavumilia nini.

Novemba 1946 Rais Harry Truman aliidhinisha Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ianzishe uchunguzi wa muda mrefu wa manusura wa miji ile miwili. Ikazaliwa tume iliyojulikana kwa herufi ABCC. Fedha zake zilitoka Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani, chombo kile kile kilichosimamia utengenezaji wa mabomu. Kazi ilianza Hiroshima mwaka 1947, Nagasaki mwaka uliofuata. Sera ilikuwa kupima na kuandika, tiba wapewe na madaktari wa Kijapani. Sababu moja ilikuwa kutowapokonya madaktari hao wagonjwa; nyingine, iliyouma zaidi, ni hofu kwamba kutibu kungeonekana kama kukiri kosa la kudondosha bomu. Wapo madaktari wa tume waliosaidia wagonjwa kimyakimya. Lakini jiweke mahali pa mama wa Hiroshima: gari la jeshi linakuja kukuchukua nyumbani, unavuliwa nguo, unapigwa picha, unatolewa damu, unarudishwa nyumbani na ugonjwa wako. Uchungu huo watu wa Hiroshima waliusema wazi, na bado wanausema. Hadi uvamizi wa kijeshi ulipoisha mwaka 1952, hata madaktari wa Kijapani walibanwa kuchapisha walichokuwa wakikiona kwa macho yao.

Hapo ndipo mwenzako amesimama. Mimi naendelea, kwa sababu ndani ya tume hiyo hiyo kulifanyika kazi ambayo sijui nyingine ya kulinganisha nayo katika historia ya afya ya jamii.

Tazama uchunguzi wa watoto. Swali lililowatisha watu wote wakati ule lilikuwa hili: je, manusura watazaa watoto walemavu? Hermann Muller alikuwa ameonyesha mwaka 1927 kwamba eksirei hubadili vinasaba vya nzi wa matunda, na mwaka 1946 akapewa Tuzo ya Nobel. Wanajenetiki James Neel na William Schull walihitaji kuwaona watoto wote wanaozaliwa, wazima na wagonjwa, la sivyo hesabu ingepotoka. Njia waliipata kwenye daftari la chakula. Japani ya wakati ule ilikuwa na njaa, na mama mjamzito akijiandikisha mwezi wa tano alipewa mgao wa ziada. ABCC ikaomba wanaojiandikisha wahojiwe pale pale: wewe na mumeo mlikuwa wapi bomu lilipopasuka? Watoto wengi walizaliwa nyumbani mikononi mwa wakunga, hivyo wakunga walilipwa kutoa taarifa kila mtoto alipotoka, na daktari akafunga safari kumtazama. Kati ya 1948 na 1954 walichunguzwa watoto wachanga wapatao 77,000. Walihesabu ulemavu, waliozaliwa wafu, uzito, uwiano wa wavulana na wasichana. Tofauti ya wazi kati ya watoto wa waliopigwa mionzi na wa wasiopigwa haikuonekana, na ufuatiliaji wa miongo iliyofuata haujaionyesha pia.

Habari hiyo ilistahili kupigiwa mbiu. Mabinti na vijana wa Hiroshima walikataliwa posa kwa sababu ya uvumi ambao takwimu hizi haziuungi mkono. Hata leo wapo wafanyakazi wa idara za eksirei wanaoulizwa na wakwe kama wataweza kuzaa. Jibu lenye uzito kuliko yote duniani lilikusanywa na wale wakunga.

Tofautisha hayo na mtoto aliyekuwa tayari tumboni siku ya bomu. Hapo madhara yalionekana: vichwa vidogo na udumavu mzito wa akili, hasa kwa waliokuwa na umri wa wiki 8 hadi 15 za mimba, wakati seli za ubongo zinapojipanga.

Uchunguzi mkubwa wa pili ndio uliozaa milisiverti zako. Sensa ya Japani ya mwaka 1950 iliuliza nani alikuwepo Hiroshima au Nagasaki wakati wa bomu, na watu wapatao 284,000 wakajitambulisha. Kutoka humo likaundwa kundi la watu karibu 120,000: kama 94,000 waliokuwa mijini siku hiyo, na 26,000 ambao hawakuwepo, wa kulinganishia. Kundi hilo linafuatiliwa hadi leo, kila kifo na kila saratani inayoandikishwa. Mwaka 1975 ABCC ilivunjwa, ikarithiwa na taasisi ya pamoja ya Japani na Marekani iitwayo RERF, ambayo nchi zote mbili zinaigharimia.

Ugumu ulikuwa dozi. Kujua fulani amekufa kwa saratani hakutoshi. Unapaswa kujua alipigwa na mionzi kiasi gani dakika ile, naye hakuwa na beji kifuani. Wahojaji wakakaa na manusura mmoja mmoja: ulikuwa wapi, umesimama au umelala, umegeukia upande gani, ukuta ulikuwa wa nini, paa lilikuwa la nini. Wakachora ramani za nyumba ambazo zilikuwa zimeshateketea. Kisha, mwaka 1962, Wamarekani wakajenga mnara wa mita 465 katika jangwa la Nevada, wakapandisha juu yake kinu kidogo cha nyuklia kisicho na kinga, na chini wakasimamisha nyumba za mtindo wa Kijapani zenye vipimo ndani, ili wajue ukuta na paa la namna ile huzuia mionzi kiasi gani. Baadaye vigae vya mapaa na matofali ya Hiroshima vilichukuliwa maabara vikapashwa moto. Udongo uliochomwa huhifadhi kumbukumbu ya mionzi iliyoupiga, na ukipashwa moto huitoa kama mwanga hafifu unaopimika. Hiyo ni kanuni ile ile ya beji ya TLD, ya kupimia mionzi, unayoivaa wodini. Hesabu ya dozi imerudiwa mara kadhaa. Marekebisho makubwa ni ya 1986 na 2002.

Matokeo yalikuja kwa awamu. Saratani ya damu ilitangulia, ikapanda mwanzoni mwa miaka ya 1950, hasa kwa waliokuwa watoto. Saratani nyingine, za titi, mapafu, tumbo, utumbo mpana, zilingoja miaka kumi na zaidi kabla ya kuanza kujionyesha. Mtu aliyepata dozi ya grei 1, yaani takriban milisiverti 1,000, akiwa na umri wa miaka 30, akifika 70 hatari yake ya saratani za namna hizo huwa juu kwa takriban nusu kuliko ya mwenzake ambaye hakupigwa. Kati ya 1958 na 1998 zilihesabiwa saratani 17,448 katika kundi hilo, na zinazohusishwa na mionzi ya bomu ni kama 850. Wengi wa wasomaji wangu hushangaa namba hii ni ndogo. Inaeleweka ukikumbuka kwamba walio wengi katika kundi walipata dozi ndogo, na kwamba saratani inawapata binadamu hata pasipo bomu. Kwa waliokuwa karibu, mzigo ulikuwa mkubwa.

Hesabu mpya ya dozi ya mwaka 1986, pamoja na manusura waliokuwa wakiingia umri wa saratani, ilionyesha kwamba hatari kwa kila milisiverti ni kubwa mara kadhaa kuliko ilivyodhaniwa. Miaka minne baadaye ICRP ikashusha 50 hadi 20. Huo ndio ukoo wa namba yako.

Nawataja na panya, maana bila wao hujaelewa swali moja unalomuuliza mgonjwa kila siku. Kuanzia mwaka 1947, huko Oak Ridge, Tennessee, William Russell na mkewe Liane walifuga panya kwa malaki. Walipiga mionzi panya wa kawaida, wakawazalisha na aina maalumu iliyobeba alama saba zilizofichika, kama rangi ya manyoya iliyopauka, mabaka au masikio mafupi. Kinasaba kikiwa kimeharibika kwa mzazi aliyepigwa, mtoto anatoka na manyoya ya rangi isiyotarajiwa au sikio fupi, na mfanyakazi anamwona kwa macho tu anapopita vizimbani. Kwa ujanja huo walionyesha kwamba panya huharibika vinasaba kwa urahisi kuliko nzi wa Muller, na mwaka 1958 wakaonyesha jambo lililotikisa taaluma: dozi ile ile ikitolewa polepole huleta mabadiliko machache kuliko ikitolewa kwa mkupuo. Liane Russell, kwa upande wake, alichora kalenda ya mimba ya panya siku kwa siku: siku hii mionzi huharibu mifupa, siku ile macho. Kutoka hapo, mwaka 1952, wao wawili wakapendekeza eksirei zisizo za dharura za tumbo na nyonga kwa wanawake wa umri wa kuzaa zifanywe siku za mwanzo baada ya hedhi kuanza, kabla mimba haijawezekana. Unapomuuliza mama, "Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?", umesimama juu ya kazi ya Liane Russell.

Sasa sindano. Kati ya Aprili 1945 na Julai 1947 watu 18 walidungwa plutoniamu, katika hospitali za Tennessee, New York, Chicago na California. Viwanda vya mabomu vilikuwa vinaishika plutoniamu, metali yenye mionzi, kwa mara ya kwanza, na wakubwa walitaka kujua kiasi gani hubaki mwilini na kiasi gani hutoka kwa mkojo, ili wapime mkojo wa mfanyakazi na kukisia kilichomo ndani yake. Wa kwanza alikuwa Ebb Cade, mfanyakazi wa ujenzi, Mmarekani mweusi, aliyeletwa hospitali ya Oak Ridge akiwa amevunjika mifupa katika ajali ya gari. Alidungwa tarehe 10 Aprili 1945. Mwingine, Albert Stevens, aliambiwa ana saratani ya tumbo. Alipopasuliwa ikaonekana ni kidonda, na akaishi hadi 1966 na plutoniamu mifupani mwake. Wa mwisho, Elmer Allen, mhudumu wa treni, alidungwa kwenye kigimbi cha mguu wa kushoto Julai 1947 na mguu ukakatwa siku chache baadaye. Aliishi hadi 1991. Mwaka 1973 watafiti walianza kuwarudia waliobaki hai, na familia za waliokufa ziliombwa ruhusa ya kufukua makaburi, bila kuambiwa ukweli wa kilichotafutwa.

Hili halikufichwa kwa bahati mbaya. Ipo barua ya Tume ya Nishati ya Atomiki ya Aprili 1947 inayoagiza kwamba nyaraka za majaribio kwa binadamu zisitolewe, kwa sababu zinaweza kuchafua maoni ya umma au kuleta kesi mahakamani. Usalama wa taifa haukutajwa kama sababu hapo. Barua hiyo huwa naisoma na wanafunzi wangu neno kwa neno, kwa sababu inaondoa kisingizio.

Na haikuwa peke yake. Katika shule ya Fernald, Massachusetts, wavulana waliowekwa huko kwa kudhaniwa wana akili pungufu walilishwa uji wenye chembe za chuma na kalsiamu zenye mionzi, wakiwa wameahidiwa klabu ya sayansi na kupelekwa kutazama besiboli. Barua kwa wazazi haikutaja mionzi. Dozi zilikuwa ndogo. Kosa lilikuwa kumfanya mtoto asiye na mtetezi kuwa chombo. Katika magereza ya Oregon na Washington, kati ya 1963 na 1973, wafungwa 131 walipigwa mionzi kwenye korodani kwa malipo. Huko Cincinnati, wagonjwa wa saratani wapatao 90 walipigwa mionzi mwili mzima katika mradi uliolipiwa na Wizara ya Ulinzi, iliyotaka kujua askari angehimili nini.

Mambo haya yalipata sura za watu mwaka 1993, mwandishi Eileen Welsome wa gazeti la Albuquerque Tribune alipowatafuta wale waliodungwa plutoniamu na kuwataja kwa majina badala ya namba za siri. Waziri wa Nishati Hazel O'Leary alifungua nyaraka, Rais Clinton akaunda tume chini ya Ruth Faden, na tume ikabaini majaribio yapatayo 4,000 yaliyolipiwa na serikali kati ya 1944 na 1974. Mengi kati ya hayo yalikuwa ya kawaida na dozi ndogo, lakini mengi yalifanyika bila ridhaa ya kweli. Clinton aliomba radhi tarehe 3 Oktoba 1995. Siku hiyo hiyo ilitoka hukumu ya O. J. Simpson, mchezaji maarufu aliyeshitakiwa kwa mauaji, na magazeti ya dunia yakajaa habari hiyo. Ndiyo maana watu wengi waliokomaa hawakumbuki kuwa radhi iliombwa. Mwaka 1996 serikali ilikubali kulipa jumla ya dola milioni 4.8 kwa ajili ya watu 12 waliodungwa plutoniamu au urani.

Kuhusu Rongelap, katika Visiwa vya Marshall vya bahari ya Pasifiki, nitasema kidogo, ingawa panastahili kitabu. Tarehe 1 Machi 1954 bomu la haidrojeni liitwalo Bravo lilipasuka kwenye kisiwa cha Bikini kwa nguvu ya megatani 15, zaidi ya mara mbili ya ilivyotarajiwa. Majivu meupe ya matumbawe yakawaangukia watu 82 wa Rongelap na kisiwa jirani, watoto wakayachezea. Askari 28 wa Marekani waliokuwa kisiwa kingine waliondolewa kwanza. Wenyeji waliondolewa baada ya takriban saa 50, ngozi zikiwa zimeanza kuwasha. Mwaka 1957 walirudishwa kwenye kisiwa ambacho bado kilikuwa na mionzi, na ripoti ya madaktari ikaeleza kwamba makazi yao hapo yatatoa takwimu zenye thamani kubwa. Watoto wengi waliokuwa chini ya miaka 10 siku ya bomu walipata uvimbe wa tezi ya shingo. Lekoj Anjain, aliyekuwa na mwaka mmoja siku hiyo, alikufa kwa saratani ya damu mwaka 1972. Mwaka 1985 watu wa Rongelap walikihama kisiwa chao wenyewe, kwa meli ya Greenpeace.

Kipo kipande kimoja kinachotuhusu sisi tunaozungumza lugha hii. Urani ya bomu la Hiroshima kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, katika mgodi wa kampuni ya Union Minière, na watu ambao wajukuu wao leo huko Likasi na Lubumbashi wanazungumza Kiswahili. Madini yale yalikuwa tajiri kupindukia: mengine yalikuwa na oksidi ya urani asilimia 65, wakati mawe ya Colorado hayakufika hata asilimia 1. Penye urani pana radoni, gesi inayoingia mapafuni na kuleta saratani. Marekani, kuanzia mwaka 1950, idara yake ya afya ya umma iliwafuatilia wachimbaji wa Colorado na nchi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, kwa sharti la wenye migodi kwamba wachimbaji wasitishwe. Waliwaona wakifa bila kuwaambia kilichowaua. Kikomo cha taifa cha radoni migodini kilitangazwa mwaka 1967, na sheria ya fidia ikaja mwaka 1990. Hata hivyo waliandikwa. Hesabu mashuhuri ya hatari ya radoni ilichapishwa mwaka 1999, ikikokotolewa kutoka makundi 11 ya wachimbaji: China, Czechoslovakia, Colorado, New Mexico, Ontario, Newfoundland, mengine mawili ya Canada ya kaskazini, Sweden, Ufaransa na Australia. Shinkolobwe haimo. Watu waliochimba mawe makali kuliko yote hawamo kwenye hesabu iliyojengwa kuwakinga watu kama wao. Kutohesabiwa nako ni kudhulumiwa, na hili linaniuma kuliko sehemu nyingine zote za historia hii.

Kwa hiyo, utazitumia namba hizi? Nasema zitumie, na nitakupa sababu za kisayansi kwanza.

Kundi la Hiroshima lina kasoro zake. Liliundwa mwaka 1950, kwa hiyo waliokufa miaka mitano ya mwanzo hawamo, na huenda waliobaki walikuwa wenye miili imara. Walipata dozi kwa mkupuo mmoja, wewe unapata tone kwa tone. Lakini wafanyakazi wa nyuklia zaidi ya 300,000 wa Ufaransa, Uingereza na Marekani, waliovaa beji kwa miaka mingi na kupata dozi ndogondogo, wamechunguzwa pia, na hatari iliyoonekana kwao kwa kila grei inakaribiana na ya Hiroshima. Njia mbili tofauti kabisa zimefika karibu mahali pamoja. Chini ya milisiverti 100 hivi ushahidi unakuwa hafifu, na wataalamu bado wanabishana kama hatari inashuka kwa mstari ulionyooka hadi sifuri. Kinga ya mionzi inachukulia kwamba inashuka hivyo, kwa tahadhari.

Kisha sababu ya kimaadili. Ubishi wa wanaosema majaribio ya siri yalikuwa ya lazima huwa haudumu ukitazama nani alitoa nini. Kutoka kwa wale 18 ilipatikana kanuni ya kukisia plutoniamu kwa mkojo, iliyotumika viwandani kwa miongo. Siwezi kusema haikufaa. Lakini hakuna aliyewauliza. Chukua strontiamu-90, chembe ya mionzi iliyokuwa ikishuka na mvua baada ya majaribio ya mabomu na kuingia kwenye maziwa na mifupa. Mwaka 1953 serikali ya Marekani ilianzisha mradi wa siri ulioitwa Sunshine, ukakusanya mifupa ya maiti kutoka nchi mbalimbali, ikiwemo ya watoto wachanga, bila wazazi kujua. Miaka mitano baadaye, huko St. Louis, kamati ya raia na wanasayansi akiwemo daktari Louise Reiss iliwaomba akina mama wazi wazi: mtoto aking'oka jino, litume kwetu. Mtoto alipata beji ya kujivunia. Yalikuja meno yapatayo 300,000, na matokeo yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1961 yalionyesha strontiamu ikipanda. Agosti 1963 ukatiwa saini mkataba wa kusitisha majaribio ya mabomu angani. Swali lilikuwa lile lile. Walioombwa walitoa kwa wingi kuliko walioibiwa.

Manusura wa Hiroshima pia, tangu mwaka 1958, maelfu yao wamekuwa wakienda kupimwa kila miaka miwili kwa hiari, pamoja na machungu yote ya mwanzo. Wengi husema wanaenda ili watoto wa wengine wasiyapate yaliyowapata. Kuikataa namba yao kwa sababu ya aibu ya serikali ni kuwanyima kile walichokitoa wenyewe. Namba za waliodhulumiwa nazo zitumie pale zinapolinda mtu, ila zitaje kwa asili yake: mfundishe mwanafunzi wako wa kesho kwamba mkojo wa Ebb Cade na Elmer Allen umo kwenye jedwali.

Wodini hili lina maana hii. Picha moja ya kifua ni kama milisiverti 0.1 au chini ya hapo. Sitiskani (CT) ya tumbo ni kama 10. Kwa makadirio ya ICRP, milisiverti 10 kwa mtu mzima huongeza uwezekano wa saratani ya kuua kwa takriban mtu 1 kati ya 2,000. Mgonjwa mwenye dalili za kuvuja damu tumboni akikataa sitiskani kwa kuogopa mionzi, mweleze hesabu hiyo, na umweleze kwamba kinachovuja kitamuua mapema zaidi. Mwenye maumivu ya kichwa ya kawaida aliyeandikiwa sitiskani ya pili ndani ya mwezi, mrudie daktari aliyeandika umuulize. Na kwa kuwa waliokuwa watoto Hiroshima ndio waliobeba hatari kubwa kuliko wakubwa wao kwa dozi ile ile, usimpige mtoto picha kwa mpangilio wa mtu mzima: mpime uzito, punguza kilovolti na miliampia kabla hajalala mezani, na picha ikiwa na chembechembe kidogo lakini mfupa unaonekana, iache hivyo, usirudie.